Binti Yangu Alizimia kwa Matope, na Mimi Nikasema Hakuzimia

Kwa Mama Zuleka, mshauri wetu wa gazeti,

Nakuandikia nikiwa na hofu, na unisamehe mwandiko, mimi nilisoma hadi darasa la nne halafu nikaingia kuchuma majani chai, lakini naomba unisaidie kwa sababu hapa kijijini mtu nikimwambia atamwambia mwenzake kabla sijafika nyumbani. Majina nimeyageuza yote. Msichana wangu nitamwita Gatwiri na yule anayewafundisha baiskeli nitamwita Mutwiri, wenyewe wakisoma watajijua.

Mimi ni Mmeru wa Kiirua niliyeolewa Embu, huku juu Kianjokoma, na nina watoto watatu. Huyu ninayelia juu yake ni msichana wa pili, ana miaka ishirini. Kwetu msichana wa pili anapewa jina la mama ya mama yake, kwa hivyo yeye ana jina la mama yangu aliyenizaa, ambaye alishafariki, na tangu akiwa mchanga mimi simwiti kwa jina, namwita mama. Akilia nilikuwa nasema mama analia, akikataa uji nasema mama hataki uji. Sasa amekua na ameijua nguvu ya hiyo kitu. Nikimkemea anaweka mikono kiunoni ananiambia, "Kwani mama yako unamwongelesha hivyo?" na mimi nacheka, na nikishacheka nimeshindwa.

Sasa nikueleze hizi mbio. Si za barabarani. Wanachora njia ya kuzunguka kwa kamba na vijiti, inapita katikati ya majani chai, inateremka hadi mtoni, inapanda tena, na wanangojea mvua makusudi ili kuwe na matope, halafu huko chini wanaweka mbao za kuzuia, lazima ushuke, ubebe baiskeli, uruke nayo, upande tena, na unazunguka hivyo hata mara saba. Siku ya kwanza kuona nilimuuliza Munyi, mzee wangu, hawa watoto wamekosea nani. Lakini Gatwiri alipojaribu tulinyamaza. Wasichana waliotoka mjini wanabeba baiskeli kama wamebeba mgonjwa, yeye anaibeba kama mzigo wa kuni na kukimbia, kwa sababu hiyo miteremko ameipanda na kikapu cha majani mgongoni tangu akiwa mdogo. Mutwiri, ambaye ni fundi wa baiskeli hapa sokoni na ndiye anawafundisha, akasema huyu atafika mbali.

Jumamosi ya wiki juzi mbio zilikuwa hapa kwetu. Watatu wa kwanza ndio wanaenda fainali Kiirua, na fainali ni Jumamosi hii inayokuja, na watakaofanya vizuri huko wanachukuliwa kambi ya timu. Mimi nilikuwa nimesimama kule chini karibu na mto, na wanawake wa kikundi chetu, Munyi alikuwa juu kwa mstari wa kumalizia. Mzunguko wa nne Gatwiri akateremka kwa kasi, gurudumu la mbele likashikwa na matope, baiskeli ikasimama na yeye akaendelea, akarushwa mbele na kichwa kikagonga kisiki cha mchai wa zamani. Mama Zuleka, ule mlio niliusikia, na hata sasa nikipasua kuni nausikia.

Nilimfikia wa kwanza. Nilimwita mama, mama, mama, hakujibu. Macho yalikuwa wazi nusu lakini hakuna mtu ndani, na matope yalikuwa yamejaa mdomoni nikayatoa kwa kidole. Sijui ilikuwa muda gani, wengine wawili walipita na baiskeli zao na wa tatu akapita ndio Gatwiri akapepesa macho. Na hapo ndio muuguzi wa mbio, msichana wa koti la rangi ya machungwa, akafika akiteleza kwa matako kutoka juu, anahema, akaniuliza, "Mama, alipoteza fahamu?"

Gatwiri akashika upindo wa nguo yangu. Akasema polepole, "Sema hapana."

Na mimi nikasema hapana. Nilisema, "Hapana dadangu, huyu ameanguka huku tangu utotoni, alikuwa anapumzika tu."

Muuguzi akaniangalia. "Una hakika? Nikimwacha arudi na alikuwa amezimia ni hatari."

"Mimi ndiye mamake," nikamwambia, na hata nilisema kwa ukali.

Akamuuliza Gatwiri leo ni siku gani, akasema Jumamosi, lakini mbio zote ni Jumamosi, hata mbuzi angejua. Muuguzi akatoka kando. Mimi nikampangusa matope usoni na leso yangu na nikamshikia baiskeli, na ni mimi, mikono hii, nilimsukuma akaondoka. Alimaliza wa tatu. Munyi alicheza kwa matope na viatu vyake vya kanisa hadi soli ikatoka.

Nitakuambia ukweli wote kwa sababu nimeanza. Si yeye tu aliyetaka. Hata mimi nilitaka. Nilikuwa nafikiria Kiirua, kule mama yangu alizaliwa na akazikwa, jina lake likisomwa kwa kipaza sauti mbele ya watu waliomjua, na nilitaka kusimama hapo nisikie. Hiyo ndiyo ilinifungua mdomo nikadanganya.

Sasa yaliyofuata. Jumapili hakuenda kanisani, alisema mwangaza unamuuma, akafunika dirisha na gunia. Jumanne alirudi kwa kuchuma na karani wa kupima chai akayamwaga majani yake mbele ya watu, yalikuwa majani mazee, magumu, na huyu ni mtoto anayejua kuchuma majani mawili na kichipukizi hata akiwa amefunga macho. Karani akamuuliza, "Leo umechuma na miguu?" Watu wakacheka na yeye akacheka, lakini niliona hajaelewa kosa ni gani. Ugali anaupika anatia unga, anasimama, ananiuliza kama ametia unga. Alhamisi tulikuwa tunatoka sokoni tukafika kwa njia panda ya kwetu, hapo amepita maisha yake yote, akasimama. Nikamwambia twende. Akasema, "Ngoja, mum, kwetu ni wapi, kushoto?" halafu akacheka akasema ananitania. Hakuwa ananitania. Mimi nilimwona uso.

Jana alitapika mara mbili. Alisema ni maziwa. Maziwa hayo hayo tulikunywa sisi wote.

Na kofia yake ngumu ya baiskeli, nilipokuwa nafagia niliiona imebandikwa picha mpya ya ua, kubwa, kwa nyuma. Nikabandua kidogo. Chini yake kofia imepasuka kutoka juu hadi kwa sikio, unaweza kuingiza ukucha. Hiyo ndiyo anataka kuvaa Jumamosi.

Nilipomuuliza alikasirika sana. "Mum, usinichome, usiniseme kwa mtu! Mutwiri akijua niligonga kichwa ananiweka nje wiki tatu, hiyo ndiyo sheria yake. Fainali ni wiki hii. Unataka nichume majani hadi nizeeke kama wewe?"

Nikamwambia twende hospitali tu wakuangalie.

"Hospitali wataandika karatasi, na karatasi itafika kwa Mutwiri. Apa hutasema."

Nikasema mimi siapi.

"Apa kwa mama yako."

Nikamwambia mama yangu ni nani sasa, alishaenda.

"Ni mimi," akasema, na mikono kiunoni. "Mama yako ndiye anakuambia unyamaze."

Mama Zuleka, nilicheka. Halafu nikaapa.

Sasa ndugu yangu Muthamia amepiga simu kutoka Kiirua, ati wazee wa kike waliolima na mama yangu wamesema watakuja wote wasimame kwa kamba, na akaniambia, "Mwambie mama yetu tunamngoja nyumbani," akimaanisha huyu mtoto. Nilizima simu nikakaa kwa kigoda. Kule shamba ni la ngano iliyovunwa, udongo mweusi, ukilowa unashika gurudumu kuliko huku kwetu. Namwona akianguka tena. Kila nikifumba macho namwona ameanguka na mimi namwita na hajibu, na safari hii hapepesi.

Munyi hajui kitu. Nikimwambia ataniuliza, na wewe ulikuwa wapi? Nikimwambia Mutwiri, nafasi ya tatu atanyang'anywa na yule muuguzi atalaumiwa kwa uongo wangu, na Gatwiri hataniongelesha tena, na nimevunja kiapo cha jina la mama yangu. Nikinyamaza ndio ninaogopa hata kuandika. Wakati mwingine najiambia pengine ni malaria tu. Niambie nifanye nini, na uniambie kama kiapo hicho kinaweza kuvunjwa na mtu asilaaniwe. Tafadhali usikawie, Jumamosi ni karibu.

Mimi mama mwenye hofu,
Kianjokoma.


MAMA ZULEKA ANAJIBU

Mama wa Kianjokoma, weka gazeti chini sasa hivi, nenda umtafute Gatwiri. Kama yuko kwa baiskeli, mteremshe. Kama yuko shambani, mtoe kwenye jua akae. Ukishamwona kwa macho yako, rudi umalizie kusoma.

Barua yako ilinifikia jana, na kwa kawaida barua hungoja zamu yake. Hii sikuingojesha. Kabla ya kuandika neno nilimpigia Daktari Latifah, ambaye huniongoza kwa mambo ya ugonjwa, nikamsomea yote. Hakuningoja nimalize. Alisema: mtu aliyegonga kichwa akazimia, kisha akaanza kusahau, kuogopa mwangaza na kutapika, ni wa hospitali siku hiyo hiyo, si siku ya pili. Na akasema jambo ambalo nataka ulisome mara mbili. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona, hata kidogo tu, hata akianguka kwa majani laini, unaweza kufura ghafla, na hapo madaktari wenyewe hukimbizana na dakika. Si malaria. Acha hiyo malaria.

Nakuonea huruma, na nitakuambia kwa nini kabla sijakugombeza. Ulikimbia kwa matope ukawa wa kwanza kumfikia. Uliyatoa matope mdomoni kwa kidole, na pengine hiyo ndiyo ilimwezesha kupumua. Umeona majani mazee kwenye kikapu, umeona njia panda, umebandua ile picha. Hakuna mtu mwingine hapo kwenu aliyeona. Macho yako ni mazuri, mama. Mdomo wako ndio umeniudhi.

Umemwambia muuguzi, aliyesomea kazi hiyo, kwamba mtoto alikuwa anapumzika. Anapumzika na macho wazi nusu! Halafu ukamsukuma. Sitakuambia hilo si kitu, kwa sababu ni kitu, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia kurasa nne. Lakini lile la Jumamosi lilikuwa kosa la haraka, watu wanatazama, mtoto amekushika nguo. Kosa la kila siku tangu hapo ni lingine. Hilo umekuwa ukilifanya ukiwa umeketi, umetulia, unapika.

Sasa kiapo. Mimi si shehe wala si padre, na desturi ya majina ya kwenu naijua kwa sababu nimeishi na Wameru maisha yangu yote na wengi ni majirani zangu. Ni desturi nzuri. Inakumbusha waliotutangulia. Lakini sijaona mahali popote ilipomfanya msichana wa miaka ishirini kuwa mzazi wa aliyemzaa. Mama yako hakukuapisha. Mama yako yuko kaburini Kiirua. Aliyekuapisha ni mtoto wako, mgonjwa, aliyejua mahali pa kukubonyeza ili ucheke. Kama unaogopa kumkosea marehemu, jiulize alipokuwa hai, ungemletea mjukuu anayetapika na haoni njia ya nyumbani, angekuambia umpandishe baiskeli? Unaujua jibu. Basi mtii huyo.

Utaniambia ana miaka ishirini, ni mtu mzima, ana haki ya kuamua. Ndiyo, siku nyingine. Siku hizi kichwa kinachoamua ndicho kilichoumia. Mtu asiyekumbuka kama ametia unga hawezi kukadiria hatari ya mteremko.

Kwa hivyo utafanya hivi, na utaanza leo. Mwambie Munyi kwanza, maana huwezi kumpeleka peke yako akikataa. Usimzungushe. Atauliza ulikuwa wapi, mwambie ulikuwa hapo hapo na ulidanganya, atapiga kelele kidogo, halafu atatafuta viatu. Mwende hospitali kubwa ya Embu, si duka la dawa la sokoni, na mwende kwa gari. Asibebwe kwa pikipiki kwenye hizo barabara zenu, asipande chochote kinachorusha kichwa. Usimpe vidonge vya maumivu ulivyonavyo nyumbani, waache wao waamue. Mkiwa njiani akisinzia ukamwita asiamke vizuri, au akaongea kama mlevi, au upande mmoja wa mwili ukalegea, mwambie dereva asisimame popote. Kofia ile iliyopasuka ibebe kwa mfuko umwonyeshe daktari, halafu usiirudishe nyumbani.

Akikataa kwenda, usibishane naye juu ya mbio. Hapo atakushinda, ana maneno mengi kuliko wewe. Wewe sema tu juu ya kutapika. Umetapika, tunaenda. Umetapika, vaa sweta. Akiweka mikono kiunoni, usicheke hata kidogo. Na kwa siku hizi mbili tatu usimwite mama. Mwite kwa jina lake.

Mkiwa hospitalini, mpigie Mutwiri wewe mwenyewe, usimtume Munyi. Huyo fundi ana sheria ya wiki tatu, na kwa sheria hiyo mimi namheshimu bila kumjua. Mwambie maneno haya, yaandike mkononi kama unaogopa kuyasahau: "Binti yangu alizimia. Muuguzi aliniuliza nikamdanganya. Asilaumiwe." Maneno hayo yanamwokoa hata yule msichana wa koti la machungwa, ambaye amefanya kazi yake vizuri na hajui umemwekea mzigo. Nafasi ya tatu ikichukuliwa, ichukuliwe. Mbio za matope zipo kila mvua ikinyesha, na huko kwenu juu mvua haijawahi kuwasahau.

Kisha mpigie ndugu yako Muthamia. Wale wazee wa kike waje hata hivyo, lakini waje Embu kumwona mgonjwa. Wamelea watoto wengi, hakuna atakayekucheka.

Na kwa ninyi wengine mnaofundisha vijana baiskeli, Embu na Meru, kwa sababu mama huyu amegeuza majina na simjui Mutwiri ni nani kati yenu: leo jioni kabla ya mazoezi, zishike kofia za wanafunzi wenu moja moja. Yenye picha mpya ya kubandika, ibandueni.

Mama, Gatwiri atakasirika. Hilo siwezi kukuondolea. Atanyamaza, atafunga mlango kwa kishindo, atasema umemharibia maisha, na wewe utasimama huko nje na sahani ya chakula hadi kipoe. Simama tu. Akipona kabisa, mpe kalamu na anwani ya gazeti hili aniandikie mimi, kwa mkono wake mwenyewe, matusi yote anayoyataka. Barua hiyo nitaifurahia kuliko zote zilizo mezani kwangu.